Watoto, ndege na lile yai la kwenye karatasi: tuwaruhusu wahesabu ama tuwaache?

Wiki mbili zilizopita shule anayosoma binti yangu hapa Katwe, wilaya ya Kasese huku Uganda, iliita wazazi. Sote tulijua ni mambo ya pesa ya posho tena, kumbe ilikuwa karatasi moja tu ya kusaini. Karatasi inasema watoto wa P5 mpaka P7, yaani darasa la tano mpaka la saba, wataungana na watu wa mradi wa kijiji kuhesabu ndege kando ya ziwa Munyanyange mwezi wa kwanza, mzazi aandike jina, aweke sahihi, basi. Mi nilidhani dakika kumi tumemaliza. Tulikaa masaa mawili na nusu na watu walibaki kidogo tu washikane mashati.

Kuna waliosema hii ni elimu yenyewe, mtoto atoke nje aone kwa macho yake, si kukaririshwa tu mpaka PLE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Kuna waliosema ni kupoteza muda wa watoto na kuwapeleka kwenye matope ya viboko bure. Alafu akasimama mzee mmoja, mtu wa vidimbwi vya chumvi tangu ujana wake, hasemi sana yule, akauliza: "Mtoto akihesabu ndege, ndege anapata nini, na mtoto anapata nini?" Mwalimu akacheka, wengine wakacheka, lakini hakuna aliyejibu, na mimi tangu siku hiyo swali linanizunguka kichwani kama nzi.

Niseme mapema mi si mtaalam wa ndege. Nimewahi kuwa karani wa hesabu mara tatu, yaani yule anayekaa na kalamu wakati wenye darubini wanapiga kelele "mnandi kumi na nne! yangeyange sita! andika mama, andika!" Kwa hiyo nimeona mazuri yake na nimeona uchafu wake pia, na upande wa mzazi niko na mtoto P6 ambaye anataka kwenda mpaka ameanza kuosha vyombo bila kuambiwa.

Kule mkutanoni nusu ya watu walidhani watoto wanaenda kutembea tu, kwa hiyo kwanza tuelewane hii hesabu ni kitu gani. Kila Januari kuna hesabu ya ndege wa majini inayofanyika nchi nyingi kwa wakati mmoja, ilianza 1967 na huku Afrika tukaingia rasmi 1991. Januari imechaguliwa kwa sababu ndege waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia wanakuwa wameshatulia huku kwetu, hawako njiani tena, ukiwahesabu leo hapa kesho hawatahesabiwa kwingine. Hapa Uganda wanaoiratibu ni NatureUganda, shirika la uhifadhi. Munyanyange nalo ni kiziwa kidogo cha chumvi, jua likikaza linabaki tope jeupe, mvua ikija linajaa, na humo utakuta heroe, wale wengi mnawaita flamingo, utakuta shakwe waliotoka Ulaya Kaskazini kabisa na vitwitwi wadogo wanaokimbia pembeni mwa maji kama wamechelewa gari. Uganda nzima ina aina zaidi ya 1,000 za ndege, na hii hifadhi ya Queen Elizabeth inayotuzunguka peke yake ina zaidi ya 600.

Na hizi namba haziishii kwenye kabati. Kuna ule mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu, una vigezo vyake, na viwili vinahusu hesabu moja kwa moja: eneo likiwa na kawaida ya kubeba ndege wa majini 20,000 au zaidi, au likibeba asilimia 1 ya kundi zima la aina fulani, linaweza kuingizwa kwenye orodha ya dunia. Jirani yetu ziwa George liliingia 1988, la kwanza Uganda, alafu 2006 yakaongezwa maeneo mengine 9, Lutembe na Mabamba ya kando ya ziwa Victoria yakiwemo. Sasa fikiria mlolongo huo wote, wakubwa wanakaa mezani wanasoma takwimu, na chini kabisa ya hiyo takwimu yuko mtoto wa miaka kumi na moja na penseli iliyokatika ncha. Ukiona hivo unaelewa kwa nini kuna watu wanasema hapana, hii kazi si ya watoto. Hawajakosa akili hao.

Lakini mi naona wanaopinga kwa hoja ya "watoto hawajui" wamekamata mkia badala ya kichwa. Watoto wanajua, na wakati mwingine wanatushinda. Utafiti mmoja uliochapishwa 2008 uliangalia watu wa kujitolea karibu 1,000 pwani ya mashariki ya Marekani, walikuwa wanatofautisha kaa wa kigeni na kaa wa hapo hapo. Watoto wa darasa la tatu walipata zaidi ya asilimia 80, wale wa darasa la saba zaidi ya asilimia 95. Sawa, kaa hapai angani akakuacha umeshika karatasi, lakini kazi ya jicho ni ile ile, kuangalia alama mbili tatu na kuamua. Kuhusu masikio ndo usiseme, mtu mzima kadiri miaka inavoenda anapoteza zile sauti nyembamba za juu kabisa, na kuna vindege vidogo kwenye majani ambavyo sauti yao ndo kitambulisho chao. Mara ya pili nilipokuwa karani, kiongozi wetu mwenye miaka yake sitini alikuwa anamuuliza mtoto wa jirani, "amelia tena? wapi?" na mtoto anamshangaa maana kwake yeye kile kindege kilikuwa kinapiga kelele kama boda isiyo na ekzosi.

Alafu kuna wale vijana wa manati. Hapa kila mtaa unao, wanatembea na manati shingoni wanalenga njiwa, wanalenga mnana, wanalenga chochote. Ukitaka mtu anayejua kiota cha hondohondo kiko shimo gani la mti upi, saa ngapi ndege fulani wanashuka kunywa maji, nani analala wapi, muulize mwenye manati usimuulize mwenye digrii. Ujuzi anao, tatizo ni anautumia kutafuta kitoweo. Hili si jambo la kwetu peke yake. Marekani mwaka 1900 watu walikuwa na desturi ya kutoka siku ya Krismasi na bunduki, wanagawana timu, jioni timu yenye rundo kubwa la ndege waliokufa ndo imeshinda. Bwana mmoja anaitwa Frank Chapman akasema kwa nini tusitoke hivo hivo, tushindane hivo hivo, lakini tuhesabu badala ya kuua. Mwaka huo walitoka watu 27 sehemu 25, na mpaka leo hesabu ya Krismasi inaendelea. Yaani mbio ni zile zile, mashindano ni yale yale, kilichobadilika ni kilichoshikwa mkononi. Mimi kwa kweli nikiangalia hawa watoto wetu wa manati naona nusu ya kazi imeshafanyika.

Basi kama macho wanayo, masikio wanayo, na ujuzi wanao, shida iko wapi? Shida niliiona kwa macho yangu, na ndo inanifanya niandike hii yote.

Mwaka juzi tulikuwa palepale Munyanyange, wakaletwa watoto sita kutoka shule moja, siitaji, wamevaa yunifomu safi kabisa kwenye tope. Tukawagawa wawili wawili, kila wawili wakapewa kipande cha ufuo na karatasi. Kipande kimoja kilikuwa kimekauka kabisa, pale hata nzi hakuwepo, mi mwenyewe nilikuwa nimepita asubuhi. Baada ya saa moja watoto wa kile kipande wakarudi na karatasi imejaa: yangeyange 12, heroe 40, bata 7. Mwandiko mzuri, mistari imenyooka. Nikawauliza taratibu, hawa heroe arobaini walikuwa upande gani? Kimya. Mvulana akaangalia viatu. Msichana ndo akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu alisema tusirudi na karatasi tupu."

Hawakuwa wanadanganya kwa ubaya hao watoto. Walikuwa wanafanya kile tunachowafundisha kila siku. Kwenye shule zetu sifuri ina jina lake, inaitwa yai, mtoto akipata yai anachekwa na darasa zima, anarudi nyumbani anaulizwa "yai tena?", na kalamu nyekundu imezungushia pale mara mbili ili baba aione vizuri. Mtoto aliyelelewa hivo kutoka P1 umpe karatasi ya ndege umwambie andika ulichoona, akiona hakuna kitu atafanya nini? Atajaza. Tena atajaza namba zinazofanana na za mwenzake wa pembeni ili asiwe peke yake akikosea. Hesabu ya ndege ikawa mtihani, na mtihani tunajua unavofanyika.

Na kwenye kuhesabu ndege yai ndo lenye habari. Chukua korongo taji, huyu wa kwenye bendera yetu, Baganda wanamuita ngaali na ni ukoo kabisa kwao, Wanyankole wanamuita entuuha. Huyu ndege tangu 2012 yuko kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka. Watu walijua vipi kwamba anapungua? Walijua kwa sababu kuna mabonde mtu alienda akakaa asubuhi nzima akaandika 0, akarudi mwaka uliofuata akaandika 0 tena, mahali ambapo babu yake alikuwa anawafukuza kwenye mahindi. Zile sifuri zingekuwa zimejazwa na watoto wenye heshima wanaoogopa kumuudhi mwalimu, tungekuwa tunaamini mpaka leo mabonde yamejaa. Kosa la mtoto asiyejua tofauti ya shakwe na membe utalikamata, mtu mzima akiangalia picha atalisahihisha. Kosa la mtoto aliyeogopa sifuri hulikamati kwa sababu limekaa kwenye karatasi kama ukweli.

Ndo maana mi simo kwenye kundi la "watoto hawawezi" na simo pia kwenye kundi la "acha tu watoto wajifunze, namba zitajipanga zenyewe". Hazijipangi.

Sasa, wanaotetea wana karata moja nzito sana ambayo kule mkutanoni hakuna aliyeitoa. Uingereza kuna hesabu kubwa ya ndege wa nyumbani, inafanywa na shirika la kulinda ndege linaitwa RSPB, na watu wengi hawajui kwamba ilipoanza 1979 ilikuwa ni shughuli ya watoto. Watoto tu, kitu cha kufanya wikendi ya baridi wakati hakuna mpira. Watu wazima walikuja kukaribishwa rasmi baadaye sana. Na ile hesabu ya watoto ikaja kuwa daftari la miaka zaidi ya arobaini, ikaonyesha kwamba shomoro, ndege wa kila siku ambaye hakuna mtu alikuwa anamuangalia, amepungua kwa zaidi ya nusu tangu ile 1979, na hapo bado ndo anayeongoza kwa kuonekana bustanini! Mtaalam hangeenda kukaa nyuma ya jikoni la mtu kuhesabu shomoro, ana mambo makubwa, ana tai wa kutafuta. Mtoto anakaa.

Lakini angalieni walivoifanya rahisi. Saa moja tu, mahali pamoja, na huandiki jumla ya ndege uliowaona, unaandika wengi zaidi uliowaona kwa mpigo mmoja. Yaani wakija shomoro watatu, wakaondoka, wakaja watano, wakaondoka, wakaja wawili, unaandika 5, huandiki 10, kwa sababu hujui kama wale watano ni wale wale watatu wamerudi na wenzao wawili. Huo mtego wa kuhesabu ndege mmoja mara tatu ndo unaotuua hata sisi wakubwa kule ziwani, na wao wameukwepa kwa sheria moja ambayo mtoto wa P3 anaielewa. Na tena kila mtu anahesabu kwake, kwa ndege anaowajua, hakuna wa kumpiga picha.

Linganisha na kinachotakiwa Munyanyange. Kundi la heroe mia kadhaa wanasogea, wanainama, wanaingiliana, hapo huhesabu mmoja mmoja, unahesabu kwa mafungu, unajifunza jicho lako kujua fungu la kumi linaonekanaje, alafu la hamsini, alafu unalisogeza juu ya kundi zima kama vile mama wa sokoni anavokadiria nyanya bila kuzigusa. Inachukua miaka. Mimi mara zote tatu nimeachwa nishike kalamu tu, na nadhani walifanya vizuri. Kwa hiyo tunachukua kazi ngumu kuliko zote, kwenye mahali pa hatari kuliko pote, siku moja kwa mwaka, ndo tunawapa watoto. Alafu ile kazi rahisi na yenye faida, ya shomoro na mbayuwayu na kunguru wa pale pale shuleni, hakuna anayeitaka kwa sababu haina gari la kuwabeba wala fulana.

Kuhusu hatari, wale wazazi wa upande wa pili walikuwa na haki kabisa na waliongea vibaya tu, wakakimbilia kusema viboko. Viboko ni kweli, ziwa Edward liko hapo na usiku wanapanda kula majani mpaka karibu na nyumba za watu, asubuhi na mapema unaweza kukutana na aliyechelewa kurudi majini, nyati nao wapo. Hilo linahitaji askari wa hifadhi na mtu mzima kwa kila watoto wawili watatu, linawezekana. Ila kuna jambo hawakulitaja. Januari 2017 serikali ilitangaza homa ya mafua ya ndege, aina ya H5N8, na waligundua vipi? Ndege wahamiaji, membe wenye mabawa meupe, walikutwa wamekufa Lutembe kando ya Victoria. Angalia mwezi ule, Januari, mwezi wa hesabu. Ndege wale wale tunaoenda kuwahesabu kwa sababu wametoka mbali, ndo hao hao wanaweza kutoka na kitu mbali. Na mtoto akikuta ndege mzuri mweupe amelala kwenye tope, hajaoza, atafanya nini? Atamuokota. Atamnyoosha bawa amuonyeshe mwenzake. Binti yangu angefanya hivo nisingemaliza hata kusema "acha".

Sisi Kasese tusiambiwe tunaogopa bure, Juni 2019 Ebola ilivuka mpaka wa Mpondwe na wa kwanza kupatikana nayo alikuwa mtoto wa miaka mitano. Hiyo haikutoka kwa ndege, najua, lakini mzazi wa hapa akisikia mtoto ameshika mnyama aliyekufa moyo unaruka. Karatasi ya shule ilikuwa na sehemu ya jina, darasa, sahihi, na saizi ya fulana. Haikuwa na mstari hata mmoja kuhusu ndege aliyekufa, usimguse, mwite mkubwa, nani atapigiwa simu. Saizi ya fulana ilikuwepo.

Alafu Januari yenyewe ni likizo! Shule zinafunguliwa mwishoni mwa mwezi au Februari. Mtoto akiumia siku ya likizo yuko chini ya nani, ya shule au ya mradi? Niliuliza hilo, mwalimu akasema "yuko chini ya sisi sote," na mimi uzoefu wangu kitu kilicho chini ya sisi sote hakina mwenyewe.

Hiyo fulana inanirudisha kwenye swali la mzee wa chumvi. Mtoto anapata nini? Mimi nimeona siku za namna hii zikienda: soda, mkate, fulana, picha ya pamoja wameshika bango, gari linaondoka, basi mpaka mwaka ujao. Ile picha inaenda kwenye ripoti na ripoti inaenda kwa mwenye pesa. Sisemi watu wa miradi ni wezi, wengi wao wanajitolea kweli na wanapenda ndege kuliko mshahara, ila mtoto amekuwa pambo na hajui. Hata sheria iko, ile ya 2019 ya kulinda taarifa za watu hapa Uganda, inasema taarifa za mtoto hazikusanywi bila idhini ya mzazi au mlezi. Sahihi yangu ya "aende kuhesabu ndege" si sahihi ya "mpigeni picha muandike na kijiji chake". Ni vitu viwili.

Wengine watasema mbona faida iko, watalii wanakuja kwa ajili ya ndege, hifadhi inatoa asilimia 20 ya pesa za getini kwa wilaya zinazoizunguka, mtoto anayejua ndege leo kesho ni gaidi wa watalii (samahani, tunawaita hivo hapa, yaani mwongoza wageni, msije mkaita polisi). Ni kweli. Pale Mabamba wavuvi zamani waliamini ukimuona korongo nyangumi asubuhi hutapata samaki siku hiyo, wakawa wanawaua, leo wavuvi hao hao wanabeba wageni kwa mitumbwi kwenda kumtafuta yule yule ndege wa mkosi. Hiyo kazi inatoka kwenye kumjua ndege, anakaa wapi na anapenda nini, na kumjua huko kunajengwa polepole, siku moja ya fulana haikujengi.

Kuna jambo dogo la viota nataka kuligusa maana linanikera. Miradi mingine inawaambia watoto wavitafute viota waviandike. Jamani. Ukimpeleka mtoto kumuonyesha kiota umewaonyesha watoto arobaini, na kati ya arobaini watatu wana manati. Ndege anayesumbuliwa kila jioni anaweza kuacha mayai yake. Viota viachwe nje ya hesabu ya watoto, hapo hata sitaki mjadala.

Na majina. Binti yangu anamjua ndege mmoja kwa Kikonzo kutoka kwa bibi yake, kwa Kiswahili kutoka mtaani, kwa Kinyankole kutoka kwa rafiki yake, alafu karatasi inamtaka jina la Kiingereza ambalo hajawahi kulisikia, anaandika la pembeni yake tena. Wangeweka michoro tu, atie alama kwenye mchoro, wakubwa watafasiri. Mambo ya nusu saa kutengeneza.

Kwa hiyo nimekuja kuamua nini. Ningekuwa na uwezo ningewaachia watoto uwanja wa shule, sokoni, na ule mti mkubwa wa karibu na kituo cha boda ambako yangeyange wanalala, saa moja, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, mwaka mzima, kwa ile sheria ya wengi kwa mpigo mmoja. Ziwani Januari waende wale wa sekondari wanaotaka kweli, wachache, na idhini yake peke yake. Na karatasi ya watoto iwe na kisanduku kimeshachapishwa kabisa: "Leo sikuona", wanatia tiki tu, hawahitaji kuchora yai lenyewe. Na isikusanywe na mwalimu wa darasa. Hilo la mwisho nilipolisema kwa mwalimu alinuna, nikamwambia si wewe mwalimu wangu, ni ile kalamu yako nyekundu.

Najua udhaifu wa mpango wangu. Watoto watachoka mwezi wa tatu. Kuhesabu kunguru wale wale kila mwezi si raha, na ukweli ni kwamba heroe ndo wanaomfanya mtoto apende ndege, hakuna aliyewahi kuota usiku anahesabu kunguru. Mwalimu alisema hivo na sikuwa na jibu zuri, bado sina. Labda waende ziwani mara moja, kuangalia tu, wasimame juu barabarani na darubini, bila karatasi kabisa.

Karatasi ilikuwa inarudishwa Ijumaa. Ilikuwa na sehemu moja tu ya sahihi, ndiyo au hapana, kwa hiyo nikageuza nyuma nikaandika kwa mkono: shuleni ndiyo, ziwani kuangalia ndiyo, kuhesabu hapana, picha hapana, ndege aliyekufa asiguswe, na namba yangu ya simu. Binti yangu akaisoma, akaniuliza kama fulana atapata. Nikamwambia sijui. Vyombo vya jioni ile nimeosha mimi.